Nimekulia Mwanza nikikatazwa maji, nimejifunza kuogelea Dar nina miaka 26. Uzi wa Jumapili zangu

Habari za jioni wakuu.

Kila baada ya wiki mbili humu ndani lazima mtu aulize: Jumapili hapa Dar, mwenye kipato cha kawaida aende wapi? Majibu huwa yale yale. Baa, kibanda umiza, kulala mpaka saa 8 mchana, kuzunguka na simu. Mimi nina jibu langu, nimekaa nalo zaidi ya mwaka nikitaka kwanza niwe na uhakika nalo. Jibu langu ni bahari. Naongelea kuingia na kuogelea, maana kuitazama na kupiga picha tumeshafanya wote.

Uzi ni mrefu, vumilieni.

Mimi ni dada wa miaka 27. Nauza kava za simu, chaja na protekta kwenye duka la mtu, mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nafungua saa 2 asubuhi, nafunga saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na muda wote huo ni kusimama. Nimepanga chumba Tandika. Jumapili naenda misa ya kwanza, nikitoka hapo siku ni yangu. Kwa miaka mingi hiyo siku niliifulia nguo na kuilalia, na Jumatatu nikaamka nimechoka kuliko Jumamosi.

Nimezaliwa Igoma, Mwanza. Wanaoijua Igoma wanajua pale ndipo yalipo makaburi ya watu wa MV Bukoba, meli iliyozama 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza safari fupi tu kuingia Mwanza. Walikufa mamia. Mmoja wao ni mdogo wake mama yangu, aliyekuwa anatoka Bukoba kuja kwetu. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini tangu nipate akili, kila ikifika tarehe hiyo mama alikuwa anabeba fagio na ndoo ya maji, ananishika mkono, tunakwenda kufagia. Hakuwa anasema mengi. Tunafagia, anasali, tunarudi.

Sasa mtoto aliyelelewa hivyo unamwambiaje habari za kuogelea? Ziwa tuliliona tukiwa barabarani tu. Na shuleni nako walimu wakatufundisha kichocho, konokono na minyoo yake, kwa hiyo kila sababu ya kukaa mbali na maji ilikuwa imekamilika. Nilipokuja Dar kutafuta maisha, mwaka huo huo ikazama MV Nyerere kule Ukara, 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati. Zaidi ya watu 200. Mama akanipigia usiku: "Mwanangu, huko Dar nasikia kuna pantoni. Usipande." Nikamtii. Kila nilipokuwa na shughuli Kigamboni nilizunguka Kurasini nipite Daraja la Nyerere, hata kama mwenzangu yuko Posta na pantoni anaiona pale mbele.

Kilichonibadilisha ni siku moja tu. Tulikwenda ufukweni Mjimwema, Kigamboni, kwenye siku ya kuzaliwa ya mwenzangu wa dukani, wasichana tisa, chakula, mziki, picha. Maji yalikuwa yanajaa. Kuna mtoto wa kama miaka 8 alikuwa anacheza karibu yetu na ndoo. Nikamwona anateleza kwenye kishimo, kichwa kikazama, mikono ikabaki juu. Hakupiga kelele. Hilo watu wengi hatulijui: mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele, pumzi ya kupigia kelele hana. Maji yale kwa mtu mzima yalikuwa ya kifuani. Tulikuwa tisa na wote tukasimama. Mimi miguu yangu ilikataa kabisa, naiona mpaka leo vile vidole vilivyochimba mchanga.

Aliyeingia ni mama mmoja muuza mihogo. Alikimbia na kanga yake hivyo hivyo, akamfikia, akamgeuza uso juu, akatoka naye amemlaza kwapani kama mkeka. Mtoto akakohoa, akalia, akapona. Yule mama akatuangalia akasema: "Wasichana wote hawa, hata mmoja hajui kuogelea?" Hakusema kwa kututukana. Alikuwa anauliza kweli.

Jumapili iliyofuata nilirudi peke yangu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamwambia shida yangu. Yeye ni mzaliwa wa Mafia, anasema hakumbuki lini alijifunza, kama mimi nisivyokumbuka lini nilijifunza kutembea. Akaniambia nimsaidie kumenya mihogo mpaka saa 4, maji yakijaa tutaingia. Ndiyo ada niliyolipa mpaka leo, kumenya mihogo. Nilishauliza bei kwenye bwawa la hoteli moja, kiingilio cha siku kilikuwa sawa na chakula changu cha siku tatu, bila mwalimu.

Nieleze alivyonifundisha, kwa sababu nimekuja kugundua wengi tunaanza vibaya. Tunaanza na kurusha mikono. Yeye Jumapili ya kwanza alinikataza kurusha chochote. Nilikaa kwenye maji ya kiunoni, navuta pumzi kwa mdomo, natia uso ndani, naitoa polepole kwa pua, mapovu yanapanda mashavuni. Hivyo tu, nadhani mara mia. Ya pili akanipa dumu la mafuta la lita 5, tupu, mfuniko umekazwa, nilikumbatie kifuani nilale chali. Mkono wake mmoja chini ya kisogo changu. Nikakakamaa kama ubao. Akasema, "Maji yanakubeba, wewe unayakataa. Legeza shingo."

Nikalegeza. Masikio yakazama. Wakuu, hapo ndipo nilipopata kitu ambacho sikukitegemea. Chini ya maji kuna sauti. Inachatachata, ta-ta-ta-ta, kama mafuta ya moto yanapopokea kitu kibichi, mfululizo, kutoka kila upande. Nilidhani ni masikio yangu. Yule mama wa mihogo akaniambia ni kamba wadogo na wadudu wa kwenye miamba, ndivyo wanavyolia. Miaka yote nilikuwa nadhani humo chini ni kimya na kifo. Kumbe kuna watu wa humo wako kwenye shughuli zao kama Kariakoo. Nikasahau kuogopa kwa muda, na nilipokumbuka, mkono wa kisogoni haukuwepo tena. Alikuwa ameshautoa.

Kutoka hapo ilichukua kama miezi mitatu. Kuelea chali, kisha kuelea kifudifudi, kisha kupiga miguu ukiwa umeshika dumu, mikono ikaja mwisho kabisa. Maji ya chumvi yanabeba kuliko ya ziwa, kwa hiyo mnaojifunzia baharini mna bahati. Ila mkienda kuogelea kwenye bwawa au ziwani mtajiona mmekuwa wazito, msishtuke.

Sasa sehemu ninayoipenda. Kabla ya hapo bahari kwangu ilikuwa kitu kimoja, maji mengi. Kumbe ina ratiba, na ukiijua ratiba huendi kupoteza nauli. Watu wengi wanafika Kigamboni saa 4 asubuhi wanakuta maji yamekupwa, yako kule mbali, wanatembea kwenye matope na majani, wanarudi wanasema ufukwe mbaya. Hawakuuliza mwezi.

Ni hivi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, mwezi na jua vinavuta maji kwa pamoja, tunapata bamvua. Hapa Dar bamvua kubwa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Na siku hizo hujaa karibu saa 10 alfajiri na tena karibu saa 10 jioni, yanakupwa karibu saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Pigeni hesabu: baada ya siku 7 yamechelewa karibu saa 6, kwa hiyo saa 4 asubuhi ambayo wiki iliyopita ilikuwa pwani kavu, sasa ndiyo maji yamejaa. Na siku hizo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, hayana mvuto mkali. Kwa anayejifunza hakuna siku nzuri kama hiyo. Yule mama hana jedwali wala programu ya simu. Anahesabu mwezi wa Kiislamu kwa vidole: tarehe 1 na 15 bamvua, 8 na 22 maji mafu. Mimi mkatoliki wa Igoma sasa naujua mwandamo kuliko majirani zangu wanaofunga Ramadhani, na nikiwa dukani Alhamisi nikitazama mwezi juu ya ghorofa za Kariakoo najua Jumapili nitaingia saa ngapi.

Jumapili ya bamvua nayo siitupi. Asubuhi maji yakiwa mbali natembea kule yalikokuwa, kuna vidimbwi kwenye miamba vina samaki wadogo, kaa, viti vya pweza. Vaa viatu vya plastiki, kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu, ukimkanyaga utakaa nyumbani wiki. Kisha naingia majini jioni.

Halafu kuna pepo. Desemba hadi Machi ni kaskazi, maji ya moto kabisa. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kusi, maji yanapoa na upande wa Kigamboni unaotazama bahari kuu unakuwa na mawimbi ya kukuangusha, hapo mwanafunzi abaki maji ya magotini au asubiri. Novemba, kabla kaskazi haijashika, kuna asubuhi bahari inatulia kama maji ya mtungini. Mwenye likizo ya kuchagua achague Novemba.

Masika sigusi. Mvua ikinyesha uchafu wote wa mji unashuka na Msimbazi mpaka baharini pale Daraja la Salenda, na maji yanabadilika rangi hata mbali na mdomo wa mto. Nawaona vijana wanaruka pale karibu na daraja siku moja baada ya mvua, naumia. Subirini siku kadhaa na muende mbali na mto.

Nimerudi. Nimeona maswali, najibu kwa pamoja.

Aliyeuliza gharama. Daladala 600 hadi Feri, pantoni 200, upande wa pili bajaji ya kushea. Narudi vivyo hivyo. Nakula mihogo na kachumbari pale pale. Miwani ya kuogelea niliinunua mnadani Karume kwenye mitumba, na mpaka leo inazuia maji. Kwa jumla Jumapili yangu haifiki 10,000. Ndiyo, pantoni sasa napanda. Nasimama ukingoni upande wa bandari, meli kubwa zinapita mbele, upepo unapiga, na dakika zile chache za kuvuka ndizo zinazonitoa Aggrey kichwani.

Dada aliyeuliza nywele. Hili ni swali la maana na wanaume msilicheke, linawazuia wanawake wengi sana. Mimi nilikuwa nasuka rasta za 45,000, ukishazilipia hizo hutaki tone la chumvi. Sasa nasuka twende kilioni za kawaida, fupi, za nywele zangu. Kabla sijaingia nalowesha kichwa kwa maji baridi ya kawaida na kupaka mafuta ya nazi, nywele zikishakunywa maji safi hazinywi sana chumvi. Nikitoka nasuuza hapo hapo kwa maji niliyokuja nayo kwenye dumu. Ngozi ya kichwa haijawahi kuniwasha.

Nguo: taiti ndefu na fulana ya mikono ya kitambaa chepesi cha michezo. Pamba isiwe, inakunywa maji inakuwa jiwe. Wenzetu waislamu tunao, wanavaa burkini zao, vazi la kuogelea linalofunika mwili, wanaogelea vizuri kuliko mimi. Kanga iachwe mchangani. Yule mama aliweza kuogelea nayo kwa sababu ameanza utotoni, wewe usijaribu.

Ufukwe wa Coco je? Coco nakwenda jioni na marafiki, mihogo, mishkaki, upepo, watu wanatembea, napapenda sana na Daraja la Tanzanite likiwashwa taa panakuwa pazuri. Ila kujifunzia sipashauri. Maji yakipungua miamba inatoka, na yakijaa huioni iko wapi. Kisiwa cha Mbudya ni kuzuri kuliko kote, maji unaona mpaka vidole vyako vya miguu, lakini ni hifadhi, kuna kiingilio na boti ya kutoka Kunduchi. Mimi nilikwenda mara moja, tulichanga tukiwa kundi.

Kuna aliyesema fukwe zote zimeshauzwa, masikini hana pa kuingilia. Hapa nina hasira yangu kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mchanga ule ni wetu sote. Lakini nimeshatolewa mahali na mlinzi mara mbili, mara moja nikiwa nimelowa, ananiambia hapa ni kwa wageni wa hoteli, na ukuta umeshuka mpaka maji yanaupiga. Njia za wananchi za kushukia zipo, nyingine zimebaki upana wa mtu mmoja kati ya kuta mbili. Zitumieni. Njia isiyopitwa ndiyo inayozibwa kwanza, na sisi ambao hatujui kuogelea tumeziacha nyingi kwa sababu hatukuwa na haja nazo.

Kaka aliyeandika kwamba kuogelea kusingewaokoa wa MV Nyerere wala MV Bukoba: nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Meli ikipinduka na watu wamefungiwa ndani, mikono ya mtu haifanyi kitu. Zile zilikuwa habari za mzigo kupita kiasi na sijasema vinginevyo. Lakini yule mtoto wa Mjimwema alikuwa kwenye maji ya kifuani. Wengi wanafia kwenye maji ya namna ile, karibu na watu wazima waliosimama.

Kwa hiyo kabla hujajua kuogelea, jua haya. Ukiona mtu anazama usimrukie, atakupanda mabegani mzame wote. Mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa, linambeba mtu mzima. Kama una kamba, lifunge. Ukijikuta mkondo unakuvuta kwenda nje, usipambane kurudi moja kwa moja, utachoka. Lala chali, elea, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo ndipo urudi. Usiingie umekunywa. Usiingie peke yako, hata mimi leo siingii peke yangu. Kaa mbali na zinapopita boti.

Nimeulizwa kama mama yangu anajua. Anajua.

Alikuja Desemba, mara yake ya kwanza Dar. Nilimwambia tukiwa Feri, tiketi ziko mkononi. Alikaa kimya. Alipoingia kwenye pantoni hakutafuta pa kukaa, aliuliza: "Maboya yako wapi?" Nikamwonyesha. Akayatazama, akahesabu kwa kidole, kisha akahesabu watu waliotuzunguka, akaacha. Alishika chuma cha pembeni mpaka tukafika ng'ambo.

Mjimwema nilimkabidhi kwa yule mama wa Mafia. Wakaamkiana, wakakaa kwenye benchi la mihogo, wamelingana umri. Mimi nikaingia na wenzangu ninaoogelea nao. Niliogelea sambamba na ufukwe, sikwenda mbali, kila nikivuta pumzi upande wa nchi kavu namwona amesimama, rozari mkononi, gauni lake la kitenge. Nikafika kwenye mtumbwi uliotia nanga, nikaugusa, nikarudi. Nilipotoka hakunisifu wala hakulia. Alinifunga kanga begani kama nilivyokuwa mtoto, akauliza:

"Mlioingia mlikuwa wangapi?"

Nikamwambia saba.

"Wametoka wangapi?"

Sikujua. Ilibidi nigeuke nihesabu. Watano mchangani, mimi wa sita, mmoja bado anaelea chali kule kwenye mtumbwi. Mama akasema, "Basi kuanzia leo wewe ndiye wa kuhesabu. Kila siku. Mkiingia na mkitoka." Alibaki amesimama pale pale mpaka yule wa saba alipotoka, ndipo akakubali kukaa ale muhogo.

Sasa tumefika kumi na mmoja. Wengi ni wa Kariakoo kama mimi, fundi simu wawili, dada wa saluni, konda mmoja wa daladala, wanachuo. Dumu la lita 20 ninalo, kamba ipo. Jumapili hii mwezi unakuwa wa tarehe 8, maji yatajaa karibu saa 4 asubuhi na ni maji mafu. Pantoni ya saa 2 na nusu tunakuwa upande wa kulia wa lango la Feri. Anayekuja kwa mara ya kwanza aje na nguo ya kubadilisha na maji ya kusuuzia, na akifika aniambie jina lake nimwingize kwenye hesabu kabla hajalowa.